TUPALILIE MAJINA KATIKA SIMU ZETU

Mimi ni bwana shamba. Nilipata cheti changu cha kilimo zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na tangu wakati huo nafanya kazi vijijini. Sasa ninahudumia vijiji vitatu mkoani Ruvuma. Wakulima wa huku hulima mahindi, maharage na soya.

Nilipoanza kazi, vyombo vyangu vilikuwa vitatu: baiskeli, kamba ya kupimia na daftari. Siku hizi kuna chombo cha nne, nacho ni simu. Kwa simu ninapeleka habari za mbegu, mbolea na wadudu. Kwa simu mkulima ananiita nikaone shamba lake.

Lakini kila chombo hutaka kutunzwa. Jembe hunolewa. Baiskeli hutiwa mafuta. Simu nayo ina kazi yake ya utunzaji, na wengi wetu hatuifanyi. Tunafuta vumbi kwenye kioo, tunachaji kwa sola, basi. Hatuangalii yaliyomo ndani. Humo ndani kuna majina, na majina hayo yameota kama magugu. Mtu mmoja yumo mara tatu. Namba nyingine zimekufa. Nyingine sasa ni za watu tusiowajua.

Leo nataka tuzungumze juu ya kupalilia majina hayo. Ukiona ni jambo dogo, soma kwanza habari ya mama mmoja.

SHAMBA LA EKA MBILI

Mama huyu ni mwanachama wa kikundi cha wakulima katika kijiji kimojawapo ninachokihudumia. Ana eka mbili za mahindi, na anazilima mwenyewe na watoto wake.

Msimu mmoja viwavijeshi vamizi walionekana katika mashamba ya jirani. Wadudu hawa asili yao ni bara la Amerika. Walionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 wakafika Tanzania. Nondo jike hutaga mayai mengi kwa pamoja, mia moja hadi mia mbili. Wakati wa joto mayai hayo huanguliwa kwa siku mbili hadi nne. Kiwavi akiwa mdogo hukaa juu ya jani, na dawa humfikia. Akikua huingia katika moyo wa muhindi, akajifunika kwa kinyesi chake. Hapo dawa haimfikii kwa urahisi. Kwa hiyo habari ya viwavijeshi ni habari ya siku chache. Ikichelewa wiki moja, imechelewa sana.

Ujumbe ulitumwa kwa wanachama wote siku ile ile. Kila mtu aliambiwa akague shamba lake asubuhi. Lakini katika simu ya kikundi jina la mama huyu lilikuwamo mara mbili. Namba ya kwanza ilikuwa ya laini aliyoipoteza sokoni. Namba ya pili ndiyo iliyokuwa ikitumika. Ujumbe ukaenda kwenye ile ya kwanza.

Siku ya saba nilifika shambani kwake. Majani yalikuwa yametoboka kama chujio. Nilipofunua moyo wa muhindi, kiwavi alikuwa mnene kama sindano ya kushonea magunia. Nikamwuliza kama alipata habari. Akanijibu, "Bwana shamba, nyinyi mnasema mlituambia. Mimi sikuambiwa."

Alisema kweli. Mwaka ule alivuna magunia machache sana, na chakula hakikumfikisha msimu mwingine. Dawa ilikuwapo. Maarifa yalikuwapo. Kilichokosekana ni namba moja iliyo sahihi.

MAJINA HURUDIWA KWA NJIA GANI?

Ndugu msomaji, majina hayajirudii kwa uchawi. Kuna sababu, na tukizijua tutazizuia.

Sababu ya kwanza ni namna ya kuandika namba. Namba zetu za Tanzania tunaweza kuziandika kwa njia mbili. Tunaweza kuanza na sifuri, nazo huwa tarakimu kumi. Au tunaweza kuiondoa sifuri na kuanza na +255, ambayo ni alama ya nchi yetu. Namba ni ile ile. Lakini ukiiandika mara moja hivi na mara nyingine vile, jina linakuwamo mara mbili.

Sababu ya pili ni mahali pa kuhifadhi. Majina yanaweza kukaa katika laini. Yanaweza kukaa ndani ya simu yenyewe. Katika simu janja yanaweza pia kukaa katika akaunti, yaani ghala lililo mbali ambalo simu hulifikia kwa intaneti. Unaponunua simu mpya, muuzaji hunakili majina ya laini na kuyatia ndani ya simu. Ya laini yanabaki palepale. Sasa kila mtu yumo mara mbili.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe kubadili laini. Mtu anapata laini mpya, anakupigia, nawe unaandika "Rehema mpya". Mwaka unaofuata anabadili tena, unaandika "Rehema mpya kabisa". Neno "mpya" huzeeka upesi. Baada ya miaka mitatu hujui ipi ni mpya kweli.

Sababu ya nne ni kuandikiwa. Wazee wengi huandikiwa majina na wajukuu. Mjukuu huyu anaandika "Bibi Songea". Yule anaandika "Mama mkubwa". Mtu ni mmoja.

FEDHA NAZO HUPOTEA NJIA

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwetu mwaka 2008. Imetusaidia sana. Zamani ulimpa dereva wa basi bahasha, ukaomba Mungu ifike. Lakini fedha za simu hufuata namba. Hazifuati moyo wako.

Mzee mmoja wa huku alitaka kumtumia binti yake shilingi 80,000 za kodi ya chumba. Binti alikuwa akisoma mjini. Katika simu ya mzee jina la binti lilikuwamo mara tatu. Mjukuu akachagua moja, akabonyeza. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu ilionyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mwanamume. Hakuna aliyelisoma. Fedha zikaenda. Mzee alipopiga simu kulalamika, aliyezipokea alikuwa amekwisha kuzitoa.

Kwa nini namba ya binti ilikuwa na mtu mwingine? Kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba yake huweza kupewa mteja mwingine. Namba ni kama nyumba ya kupanga. Mpangaji akihama, mwingine huingia.

Hapa kuna fundisho la pili. Tangu laini ziliposajiliwa kwa alama za vidole, kazi iliyoanza mwaka 2019, kila laini inatakiwa kuwa na jina la mwenyewe kama lilivyo katika kitambulisho cha Taifa. Jina hilo ndilo simu hukuonyesha unapotuma fedha. Lakini sisi tunamjua mtu kwa jina la mtoto wake au la kazi yake. Tunajua "Mama Neema", na simu inatuonyesha jina lingine kabisa. Kwa hiyo muulize mtu, "Laini hii imesajiliwa kwa jina gani?" Kisha liandike pamoja na lile ulilolizoea. Siku ya kutuma fedha utasoma, utalinganisha, ndipo utabonyeza.

MATAPELI HUPENDA VURUGU

Wengi wetu tumewahi kupata ujumbe usemao kwamba ile fedha itumwe kwenye namba hii. Tapeli hakujui. Anatuma kwa watu wengi, akitumaini kwamba mmoja wao ana deni na anasubiri kuelekezwa.

Mtu ambaye majina yake yamepangwa vizuri ana kinga. Ujumbe wa mtu anayemjua huja na jina. Ukija na namba tupu, anajua ni mgeni, na mgeni huulizwa. Lakini mtu ambaye nusu ya namba zake hazina majina huona namba tupu kila siku. Hashtuki tena. Huyo ndiye tapeli anayemtafuta.

Ukipata ujumbe wa namna hiyo, upeleke kwenye namba 15040, pamoja na namba ya aliyeutuma. Hiyo ndiyo njia iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Pia piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu inayohusika, uikatae.

NAMNA YA KUPALILIA

Sasa tufanye kazi. Mimi nilipoanza nilikuwa na majina 912. Nilipomaliza yalibaki 547. Sikuifanya siku moja. Nilifanya majina ishirini kila jioni, baada ya kula. Hatua nilizofuata ni hizi.

1. Anza na daftari. Kabla ya kufuta chochote, andika namba muhimu kwenye karatasi: za watoto wako, za ndugu, ya mtendaji wa kijiji, ya zahanati, ya katibu wa kikundi, ya bwana shamba. Simu huibwa, hutumbukia majini, huishiwa chaji. Daftari halihitaji chaji.

2. Pitia majina kwa mpangilio wa herufi. Simu huyapanga kuanzia A. Hapa ndipo elimu yetu ya kusoma inapotufaa. Majina yanayofanana mwanzo hukaa karibu karibu, kwa hiyo yaliyorudiwa utayaona.

3. Angalia namba kabla ya jina. Namba zikiwa sawa na majina tofauti, huyo ni mtu mmoja. Baki na jina moja. Lakini majina yakiwa sawa na namba tofauti, usikate shauri haraka. Katika kijiji kimoja kuna akina Hamisi wanne. Ukiwaunganisha wawe Hamisi mmoja, umefanya vurugu kubwa kuliko ya kwanza. Piga namba. Salimia, uliza. Dakika moja yatosha.

4. Mtu mwenye laini mbili mwandike mara moja. Simu janja inaruhusu jina moja kuwa na namba mbili au tatu. Weka juu ile anayoitumia zaidi.

5. Andika namba zote kwa +255. Namba ya namna hiyo hupatikana hata ukipigiwa kazi ya kwenda nchi jirani, na simu huitambua upesi kuwa ni ile ile.

6. Tumia msaada wa simu yenyewe. Simu janja nyingi, katika programu ya majina, zina mahali pa kutafuta yaliyorudiwa. Simu huyaonyesha mawili mawili na kuuliza kama iyaunganishe. Ikiwa simu yako iko katika Kiingereza, tafuta neno "Merge", maana yake unganisha. Pana neno lingine la kuunganisha yote kwa mara moja. Usilibonyeze hilo kwanza. Kubali moja moja, ukisoma. Simu haijui kwamba Hamisi wa kisimani si Hamisi wa kinu.

7. Ukikosea, usihangaike. Majina yaliyohifadhiwa katika akaunti ya Google yakifutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30. Ndani ya siku hizo unaweza kuyarudisha. Lakini jina lililofutwa kwenye laini haliendi kwenye pipa hilo. Ndiyo sababu daftari linatangulia.

AKAUNTI YAKO NI YA NANI?

Swali hili nawauliza wakulima wengi, nao hunitazama tu. Wengi walifunguliwa akaunti na muuzaji dukani, siku waliponunua simu. Neno la siri hawalijui. Simu ikipotea, ghala lipo lakini ufunguo haupo.

Kuna hatari nyingine. Mara nyingine akaunti moja huwekwa katika simu mbili, tuseme ya baba na ya mwana. Basi majina ya baba huonekana kwa mwana, na ya mwana kwa baba. Mwana akifuta majina asiyoyajua, yanatoweka pia katika simu ya baba. Nimeona baba na mwana wakigombana kwa jambo hili, na hakuna aliyekuwa mwizi. Kila mtu awe na akaunti yake, na neno la siri alijue mwenyewe.

HATA SIMU YA KITOCHI

Mwenye simu ndogo asidhani kwamba habari hii haimhusu. Laini nyingi hubeba majina 250 hivi. Zikijaa, jina jipya halikubaliwi. Ukiondoa yaliyorudiwa, nafasi hupatikana.

Namjua mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi hakujua kusoma. Alikuwa na kitochi, naye alimtafuta mwanawe kwa kuhesabu: bonyeza chini mara tatu, ni yeye. Siku moja jirani alimwandikia jina jipya juu ya hayo. Tangu siku hiyo mara tatu ikawa ni mtu mwingine, na mzee akadhani mwanawe amebadilika sauti na tabia. Alipojiunga na darasa la watu wazima, jina la kwanza alilolisoma katika simu ni la mwanawe. Sasa hahesabu tena. Anasoma. Namba zake ni kumi na nane tu, na zote zinaita.

JINA ZURI LINA MAMBO MATATU

Ili magugu yasiote tena, andika jina kwa utaratibu. Jina, mahali, na kazi. Mfano: "Hamisi Kisimani Fundi Baiskeli". Usiandike "Fundi" peke yake. Mafundi ni wengi.

Makatibu wa vikundi waanze na jina la kikundi au la kijiji, kisha la mtu. Hivyo wanachama wote hukaa pamoja katika orodha, na hakuna atakayesahauliwa. Kila mwanzo wa msimu, kikundi kikutane na katibu asome namba kwa sauti. Mwenye namba aitikie "ndiyo" au aseme imebadilika. Kikundi cha watu thelathini humaliza kwa nusu saa. Kikundi cha yule mama sasa hufanya hivyo kabla ya mvua za kwanza, naye ndiye anayewahimiza wenzake wawahi.

Na wewe mkulima una wajibu wako. Ukibadili laini, toa taarifa kwa katibu, kwa mtendaji na kwa bwana shamba. Tangu mpango wa ruzuku ya mbolea ulipoanza mwaka 2022, mkulima huandikishwa pamoja na namba yake ya simu. Namba ikiwa ya zamani, ujumbe wako utasomwa na mtu mwingine. Tena, iandike namba ya anayekutumia habari. Katika WhatsApp, ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo huwafikia wale tu walioihifadhi namba ya mtumaji. Asiyeihifadhi haupati, hata kama simu yake ni ya bei kubwa.

Jambo moja zaidi. Namba ya mtu ni mali yake. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kabla ya kumpa mtu namba ya mwenzako, mwombe ruhusa mwenye namba.

NA WALIOTUTANGULIA?

Katika kupalilia utakutana na majina ya marehemu. Mimi nilikutana nayo saba. Jina moja lilikuwa la mzee aliyekuwa wa kwanza kupanda mahindi kwa mistari katika kijiji chake. Kila nilipopata mbegu mpya nilimpelekea yeye kwanza. Nilipiga namba yake. Akapokea kijana mmoja wa mbali, mwenye heshima. Akasema laini hiyo aliinunua mwaka jana.

Nilimtakia heri. Kisha niliandika jina la mzee katika daftari langu la kazi, na mwaka alioanza kupanda kwa mistari. Mwishowe niliifuta ile namba. Kumbukumbu ya mtu haikai katika namba ambayo sasa ni ya mwingine. Simu tuwaachie wanaoweza kuitikia.

Ndugu wasomaji, tusingoje viwavi wafike. Leo jioni keti na simu yako na daftari. Anza na herufi A. Palilia majina ishirini, kesho ishirini mengine. Asiyejua kusoma bado, mwanafunzi mwenzake amsaidie, lakini kila jina lisomwe kwa sauti mbele ya mwenye simu. Siku habari itakapotumwa, iwe ya mdudu, ya mvua au ya mgonjwa, imkute yule aliyekusudiwa.